Nyaya za Gari Kuukuu na Amana ya Umma

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba gari likizeeka huuawa na injini. Ukweli wa gereji ni mwingine. Injini ya zamani, ikipata mafuta na maji yake kwa wakati, hutengenezeka tena na tena: pistoni hubadilishwa, silinda huchongwa, na kazi ikaendelea. Linaloliangusha gari kuukuu, hata likasukumwa hadi ukutani mwa yadi na kuotewa majani, mara nyingi ni nyaya zake za umeme. Leo taa haziwaki. Kesho honi inalia yenyewe. Keshokutwa moshi unatoka chini ya dashibodi. Mwishowe mwenye gari hukata tamaa akasema kwamba gari lake lina mashetani. Gari halina shetani. Lina viungo vibovu na halina kumbukumbu.

Tunayaandika haya baada ya kutembelea wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, ambako tulipata nafasi ya kukaa na mafundi waliokuwa wakivua nyaya zote za Land Rover ya zamani, aina ya Series III, na kuzitandika upya. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza: Maswa iliyo mbali na bahari, na sisi watu wa visiwani, tunahusiana kwa lipi katika jambo hili? Tunahusiana kwa mengi. Gari lile la Maswa ni ndugu wa magari yaliyolala katika yadi za idara zetu, na adui anayelila ni yule yule, ingawa huku huja na chumvi ya bahari na kule huja na vumbi na tope la mbuga.

Maswa ni nchi ya pamba. Kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga, na wazee wa huko wanakumbuka jinsi marobota yalivyopelekwa Malampaka, kwenye reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Barabara za wilaya hupita juu ya udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika hunata kama gundi. Katika nchi ya namna hiyo Land Rover, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1948, haikuwa fahari ya mtu. Ilikuwa miguu ya bwana shamba, ya mganga, ya karani wa ushirika na ya katibu wa Chama. Aina ya Series III, ambayo mafundi wa Maswa walikuwa nayo mikononi, ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata iliyo changa kabisa miongoni mwao imekwisha pita miaka arobaini.

Hapana budi kwanza tueleze kwa nini nyaya huzeeka. Shaba yenyewe ni madini mavumilivu. Hiyo ndiyo shaba ambayo treni za TAZARA zilianza kuibeba kutoka Zambia hadi bandari ya Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Ikihifadhiwa vema, hudumu kuliko mwenye gari. Kinachokufa ni ganda lake. Katika magari ya Kiingereza ya miaka ya 1940 na 1950, waya ulifunikwa kwa mpira, na juu ya mpira ukavishwa uzi wa pamba uliosukwa na kutiwa rangi. Mpira ule hukauka kwa joto la injini, ukavunjika kama ganda la karanga, na uzi wa pamba hunywa maji na mafuta hata rangi zote zikawa nyeusi. Magari ya miaka ya 1960 na kuendelea yalivishwa plastiki, nayo ni bora zaidi, lakini plastiki pia hukakamaa na kupasuka inapopita karibu na joto, au pale inapotoboa bati bila kuwekewa mpira wa kuzuia msuguano. Wako na panya. Katika nchi ya pamba na nafaka, gari lililosimama msimu mmoja hugeuka ghala la panya, na panya hawana heshima kwa waya wowote.

Sababu ya pili ni mikono ya watu, nayo ndiyo kubwa. Gari tulilolikuta Maswa lilikuwa limepita katika gereji nyingi, na kila fundi aliacha alama yake. Taa ya nyuma ilipozimika, mmoja alivuta waya mpya kutoka popote alipokuta umeme. Mwingine alipohitaji kuweka redio alifanya vivyo hivyo. Wa tatu, fyuzi ilipokatika njiani, aliizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili gari lifike. Gari lilifika, na karatasi ile ikabaki pale miaka mingi, ikimdanganya kila dereva kwamba analindwa. Siku shoti ilipotokea fyuzi haikukatika, kwa kuwa haikuwapo. Uliungua waya mkuu, na kidogo gari zima liteketee. Chini ya dashibodi tulikuta bonge la tepu kuukuu mfano wa kiota cha ndege. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika waya upi ulikuwa wa kiwandani na upi ulikuwa wa dharura.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuwasomea wenye maduka na makarani wa ushirika. Sasa tunaona inawahusu hata mafundi umeme.

Waliolitengeneza gari hilo hapo mwanzo hawakuliacha bila daftari. Magari ya Kiingereza ya zama hizo yalikuwa na lugha ya rangi, na yeyote atakayeijua lugha hiyo anaweza kulisoma gari kama msahafu wa umeme wake. Waya wa kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri na una moto wakati wote. Mweupe hupata moto baada ya ufunguo kuwashwa, lakini haujapita kwenye fyuzi. Wa kijani umekwisha pita kwenye ufunguo na kwenye fyuzi pia. Wa zambarau una moto wakati wote, ila umelindwa na fyuzi. Wa buluu ni wa taa kubwa. Wenye mstari mweupe ni wa mwanga wa mbali, na wenye mstari mwekundu ni wa mwanga wa chini. Mwekundu ni wa taa ndogo. Mweusi hurudi kwenye bodi. Fundi anayeunga waya wa kijani kwa kipande chekundu kwa kuwa ndicho kilichokuwa mfukoni amefuta neno katika kitabu, na atakayekuja baada yake atasoma uongo.

Mafundi wa Maswa walianza kazi yao kwa utaratibu ambao tungependa kuuona katika kila karakana ya umma. Jambo la kwanza waliondoa betri. Jambo la pili, kabla ya kukata chochote, walichukua daftari la shule na kuandika kila waya: unatoka wapi, unapita wapi, unaishia wapi, una rangi gani. Kijana aliyekuwa akiandika alitia alama juu ya bati kwa chaki, nasi tukafurahi, maana Maswa ndiyo wilaya ambayo vijana wake walijipatia sifa katika miaka ya 2010 kwa kutengeneza chaki. Kisha fungu zima la nyaya lilitolewa likiwa limeungana, likalazwa juu ya ubao mpana na kupigiliwa misumari pembeni, ili fungu jipya lisukwe kwa vipimo vile vile. Mchana wote wa siku ya kwanza haukufungwa waya hata mmoja. Mwenye gari alianza kunung'unika. Mzee wa gereji akamjibu kwa upole: "Ndugu yangu, aliyekwenda haraka ndiye aliyetuletea kazi hii."

Kuchagua waya ni hesabu. Taa mbili kubwa za wati 60 kila moja, kwa volti 12, hunywa ampea 10. Waya mwembamba wenye nyuzi 14 za unene wa milimita 0.30 hubeba ampea 8 na kitu. Huo ni wa taa ndogo na vipimo. Wenye nyuzi 28 hubeba ampea 17 na nusu, nao ndio unaostahili taa kubwa. Kwa njia kuu ya kutoka kwenye altaneta na betri huhitajika nyuzi 44 au 65. Stata, ambayo huvuta zaidi ya ampea 100 inapozungusha injini, ina kebo yake nene ya peke yake na haichezewi. Anayefunga waya mwembamba mahali pa mnene kwa kutaka kubana matumizi hakubana kitu: amefunga jiko la umeme ndani ya dashibodi.

Tutoe mfano ambao dereva yeyote ataufahamu. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu huonekana kama si kitu. Lakini ampea 10 zikipita hapo, volti moja nzima hupotea na kugeuka joto. Volti zikipungua kwa asilimia 10 kwenye balbu ya kawaida, mwanga haupungui kwa asilimia 10. Hupungua kwa karibu theluthi. Viungo viwili vya namna hiyo katika njia moja vyatosha kumfanya dereva asimwone mtoto wa shule wala ng'ombe aliye barabarani saa moja ya usiku. Watu watasema dereva alikuwa mzembe, wala hakuna atakayeukagua waya.

Sasa tufike kwenye jambo linalowagusa watu wa visiwani zaidi ya wote. Land Rover ina bodi ya alumini na chesisi ya chuma. Umeme huenda kwenye taa kwa waya, lakini hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi na chesisi. Pale alumini inapokutana na chuma, pakiwa na unyevu wenye chumvi, metali hizo mbili hulana polepole na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Juu ya shaba hutokea ukungu wa kijani. Hapo taa huanza vituko vyake: ukikanyaga breki indiketa inawaka, ukiwasha indiketa taa ndogo zinafifia. Umeme umekosa njia ya kurudi nyumbani, basi unatafuta njia za panya. Mafundi wengi hubadilisha balbu, swichi, hata altaneta nzima, kumbe ugonjwa uko kwenye boliti moja iliyopakwa rangi. Dawa yake ni rahisi. Piga msasa hadi metali ing'ae, kaza boliti na washa yake, kisha paka vaselini juu ili hewa na chumvi visiingie. Tena usiiamini bodi peke yake: kutoka kwenye kila taa vuta waya mweusi hadi mahali pamoja palipo imara, na injini ifungwe kwenye chesisi kwa mkanda mnene wa shaba.

Wananchi wa Unguja hawahitaji kuhubiriwa sana juu ya kiungo kimoja kinavyoweza kuzima mambo mengi. Kisiwa hicho kilijua umeme mapema. Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883, lilikuwa la kwanza hapo kuwekwa taa za umeme. Mwaka 1980 kisiwa kiliunganishwa na bara kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Kebo hiyo ilitegemewa kwa karibu miaka thelathini. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa karibu mwezi mzima, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Visima vilikosa pampu, hoteli zikaunguruma kwa majenereta, na mama lishe akarudi kwenye koroboi. Kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013. Yaliyokipata kisiwa kizima ndiyo yanayolipata gari dogo: njia moja ya umeme, mzigo unaokua kila mwaka, na matengenezo yanayosubiri hadi giza liingie.

Kazi ya Maswa ilikuwa na mambo mengine mawili yanayofaa kuigwa. Magari mengi ya zama zile yalikuwa na fyuzi mbili tu kwa gari zima, na taa kubwa hazikuwa na fyuzi kabisa. Mafundi waliongeza kisanduku cha fyuzi ili taa za kulia na za kushoto, honi, vifuta kioo na vipimo kila kimoja kiwe na kinga yake, na fyuzi kuu wakaiweka karibu na betri. Hapa iko hatari ya kuangalia. Fyuzi za kioo za Kiingereza zilizoandikwa 35 zilikuwa zikikatika kwa ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni nusu ya hapo. Anayeweka fyuzi ya kisasa ya 35 mahali pake ameongeza hatari maradufu huku akidhani ameheshimu maandishi.

La pili ni jaribio la mwisho. Mafundi hawakurudisha betri moja kwa moja. Waliunganisha balbu ya wati 21 kati ya betri na njia kuu, swichi zote zikiwa zimezimwa. Balbu ikiwaka sana, umeme unavuja mahali, na hakuna kitakachoungua kwa kuwa balbu inauzuia. Balbu isipowaka, hufunguliwa njia moja baada ya nyingine. Chombo hicho kinapatikana katika kila duka la vipuri, lakini kingaliokoa magari mengi. Tunaongeza neno kwa wenye Land Rover zilizo kongwe zaidi: nyingi za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 zilifungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha mazoea ya leo. Anayefunga altaneta au redio ya kisasa bila kulichunguza hilo ataiunguza mara moja.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wapenzi wa magari ya kale, na kwamba serikali ina kazi kubwa zaidi. Ni kweli kwamba magari ya kale yana wapenzi wake. Mwezi wa Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lililowakusanya wenye magari hayo kutoka pande nyingi. Ni kweli pia kwamba dunia inaelekea kwingine. Kampuni ya Opibus iliyoanzishwa Kenya mwaka 2017, ambayo baadaye ilijiita Roam, ilianza kazi kwa kutoa injini za mafuta katika magari ya zamani ya mbugani na kuyatia mota za umeme. Lakini anayetaka gari la umeme kesho, na leo hawezi kutunza fyuzi na boliti ya bodi, atanunua moto kwa bei kubwa. Nidhamu ni ile ile.

Kwetu sisi jambo hili ni la amana. Tangu chuoni tulifundishwa kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa salama, na shuleni tukafundishwa kwamba mali ya umma ni jasho la mkulima. Mkulima wa pamba wa Maswa na mkulima wa karafuu wa Pemba ndio walionunua magari yenye namba za SM na SMZ. Gari likiuzwa kwa mnada kama chuma chakavu, kisha mnunuzi akalivisha nyaya mpya na kulirudisha barabarani kwa miaka kumi mingine, hasara hiyo ameilipa nani? Mnunuzi hakuiba. Ametumia akili ambayo idara ilikataa kuitumia.

Rai yetu kwa viongozi wa wilaya na wakuu wa idara, visiwani na bara, ni hii. Gari lolote lisipigwe mnada kwa sababu ya umeme kabla nyaya zake hazijakaguliwa na fundi anayejua kusoma mchoro, na ukaguzi huo uandikwe na kutiwa saini. Kila gari liwe na mchoro wake wa umeme ndani ya jalada, na kila waya utakaoongezwa uchorwe siku hiyo hiyo pamoja na jina la aliyeufunga. Wakuu wa usafirishaji wafungue visanduku vya fyuzi kwa mikono yao walau mara moja kila miezi mitatu, na wakikuta karatasi ya sigara wamwulize dereva na fundi, nao wenyewe waulizwe. Vyuo vya VETA na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni vipewe magari yaliyokwama yadini yawe darasa, ili vijana wajifunze juu ya chuma halisi, na idara irudishiwe gari zima badala ya kuhifadhi kutu.

Hayo hayahitaji fedha za kigeni. Yanahitaji waya wa unene unaostahili, daftari, msasa, na kiongozi asiyeona haya kuinama chini ya dashibodi.